Ubao wa Mto Namfamo

Nsemulwa, Mpanda
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Skolastika,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa kwenye kigoda chako, unatafuta miwani ambayo iko kichwani. Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu Shija yupo Sumbawanga kwenye kazi yake ya uuguzi, analalamikia baridi kila akipiga simu. Bernadetha anakusalimu sana. Anauliza kama kweli utavaa lile gauni la bluu siku ya harusi yetu au ulikuwa unatutania.

Nimempa Naseeb mwenye duka alete barua, maana anakuja Kasansa kununua mpunga. Kukupigia simu nimeshakoma. Mara ya mwisho niliuliza habari za ng'ombe, ukanijibu kwamba padri hajambo.

Sasa Shangazi, nina mambo mawili. La kwanza ni dogo. Padri Libérat, paroko wetu mpya, ni mtu wa utaratibu. Amefungua kitabu cha ubatizo ili atuandikishe ndoa, akakuta hivi: "Namfamo, mwana wa Mabula na Malale. Kazaliwa 3 Julai 1992. Kabatizwa njiani katika hatari ya kufa, 4 Julai, na Skolastika Maduhu." Hakuna shahidi wala sahihi yako. Anasema hapingi, ila anataka mistari miwili kwa mkono wako kwamba ni kweli ulinibatiza. Ndoa ni tarehe 23 Novemba, na matangazo lazima yaanze kusomwa kanisani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Bila hiyo mistari miwili hasomi. Nakuomba uiandike, hata nyuma ya karatasi ya sukari.

La pili ndilo limeninyima raha. Ofisi yetu ya maji imenituma njia ya Karema kuorodhesha vijito ambavyo vijiji vinaweza kuvitumia. Fomu ina sehemu ya jina la kijito, wingi wa maji, mwezi kinapokauka, na asili ya jina. Tukafika kwenye kijito kimoja kizuri, maji yanaonekana mpaka chini, nikamuuliza mwenyekiti wa kitongoji kinaitwaje. Akasema, "Namfamo." Nikaitika, "Naam?" Akarudia, "Namfamo." Nikaitika tena. Dereva wetu, mzee Machibya, alicheka mpaka akakaa chini.

Maisha yangu yote sijakutana na Namfamo mwingine. Padri anasema ni shahidi wa zamani sana, aliuawa Afrika ya Kaskazini enzi za Warumi. Sasa mfia dini wa huko na kijito cha njia ya Karema wamekutana wapi, na mimi nimeingiaje katikati? Baba alikuwa akisema Wasukuma wakihama na ng'ombe, mtoto akizaliwa njiani anaweza kupewa jina la mahali. Je, nilizaliwa hapo? Mbona hakuna aliyewahi kuniambia?

Nakusubiri kwa hamu.

Mwanao,
Namfamo

*

Kasansa
Alhamisi, 4 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku nyingi kwa Naseeb kwa sababu gari lake lilivunjika springi pale Majimoto. Alipofika alinikabidhi kwa mikono miwili kama hati ya shamba. Huyo kijana ana adabu kuliko nyie mliobatizwa.

Sisi wazima. Ng'ombe ninayemwita Kadogo amezaa jike, lina doa jeupe kwenye paji la uso. Mpunga umekauka vizuri, ndege tu ndio wamezidi mwaka huu. Mguu wangu wa kushoto unaniuma kukiwa na baridi, wa kulia unauonea huruma, basi nao unauma. Mwambie Bernadetha gauni la bluu nitalivaa, na kama nimenenepa watalifumua mgongoni.

Jana ulitimiza miaka thelathini na miwili. Nilikuombea. Leo sikwenda shambani wala kokote, nimekaa tu na kalamu.

Umeuliza habari za mtakatifu. Mwaka ule nilikuwa nimetoka kwenye mafundisho ya dini, na padri mmoja mzee alinipa kijitabu cha kalenda ya watakatifu, kila tarehe na jina lake. Ninacho mpaka leo, kimeliwa na mende pembeni. Tarehe nne Julai imeandikwa Namfamo. Padri yule alitueleza kwamba alikuwa mtu wa chini, jina lake la kienyeji kabisa, na wakubwa wa mji wake waliwacheka Wakristo: vipi mnamwacha mungu mwenye jina zuri mnakwenda kumheshimu mtu mwenye jina la kishamba namna hiyo? Nililipenda kwa sababu hiyo. Na mimi nilikuwa nimetoka porini na ng'ombe, watu wa mjini walikuwa wananicheka.

Kuhusu kijito, njia ile ina vijito vingi, vingine mvua ikizidi vinahama. Sisi tulipita tu. Tulidhani tutakaa upande wa ziwa, mbung'o wakatushinda, tukazunguka hadi tukaja huku Mpimbwe. Mtu akihama na ng'ombe mia na ushee hana muda wa kuuliza kila mto jina lake.

Hiyo mistari yako nitaiandika nikipata kalamu nzuri. Hii inavuja.

Shangazi yako,
Skolastika

*

Nsemulwa
Jumapili, 11 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na pole na miguu yote miwili. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Huku vumbi tu. Bernadetha ameshapima nguo, mama yake amechagua wapishi. Kila mtu ana kazi isipokuwa padri, yeye anasubiri mistari miwili. Shangazi, umeniandikia kurasa mbili nzima kuniambia huna kalamu. Nimemwonyesha Bernadetha, akacheka, halafu akaacha kucheka akasema, "Kwani hataki nini?" Nikamwambia wewe ndivyo ulivyo. Tafadhali usiniaibishe kwake.

Lakini nikusimulie niliyoyaona. Nimerudi kwenye kijito chetu, nakiita chetu. Nilikuwa na kazi ya kupima maji yanavyokwenda, nikamwomba Machibya tukae siku nzima. Nikamuuliza kila mtu: jina hili mlilitoa wapi? Wazee wa Kibende waliokuwa wakiwinda huko wanasema zamani kijito hakikuwa na jina, waliita "maji ya pale" tu. Waliokuja kulima mwaka tisini na nane wakasema, "Sisi tulikuta limeandikwa."

Limeandikwa wapi? Wakanipeleka kwa mama mmoja mtu mzima, Bi. Mwanaiddi, anayeuza chai na mihogo karibu na kivuko. Alinikaribisha jikoni. Akashusha sufuria mbili na kikaango kutoka kwenye kishubaka chake, akanipindulia ubao wa mninga uliokuwa umevibeba, mweusi kwa moshi.

Shangazi, jina limechomwa kwa chuma cha moto, kama chapa ya ng'ombe. NAMFAMO. Juu yake msalaba, chini yake 4.7.92.

Bi. Mwanaiddi akanieleza vizuri kabisa. Walipofika, ubao ulikuwa umesimama ukingoni. Wakaona ni kibao cha serikali: jina la mto, tarehe ambayo wataalamu walikuja kuupima, na ile alama ya kujumlisha ni ya kuonyesha kivuko. "Serikali inafanya kazi," akaniambia, "hata huku porini ilishafika." Ubao ulipoanguka akauokota usije ukaliwa na moto wa mbuga. Jina lilishakaa midomoni, halikuhitaji tena kibao.

Na ile F. Nilikaa chini nikaitazama. Mkia wake umepinda kwenda kushoto halafu umeinuka kama wa nge. Nina barua zako tangu nikiwa shule ya msingi. Ulifundisha kisomo cha watu wazima, na Kasansa nzima inaandika F hiyo. Ni wewe uliyeandika.

Kwa hiyo nimeshajua, usijifiche. Uliniokoa kwa maji ya kijito kile, ukaniwekea kibao cha kumbukumbu pale nilipobatizwa, na watu wakadhani ni mto. Mimi sikupewa jina la mto, mto ndio umepewa jina langu! Nimefurahi kama mtoto. Bi. Mwanaiddi nimempelekea kabati la plastiki, akanipa ubao. Nimeufuta masizi, nitautundika sebuleni siku ya harusi, wageni wote wauone.

Iandike basi mistari, na historia yenyewe yote. Nilikuwa naumwa nini?

Mwanao,
Namfamo

*

Kasansa
Jumapili, 25 Agosti 2024

Mwanangu,

Huo ubao urudishe. Usiutundike. Usiufute tena. Urudishe pale pale ukingoni ulipokuwa, uusimamishe, uangalie mashariki.

Nakuomba kwa jina la baba yako.

Skolastika

*

Nsemulwa
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Shija mzima. Bernadetha mzima, ingawa wiki hii hatukuzungumza sana.

Barua yako Naseeb aliileta jana. Ni barua ya kwanza kutoka kwako isiyo na salamu wala ng'ombe. Niliisoma nimesimama dukani kwake. Naseeb akaniuliza kuna msiba? 

Ubao nimeurudisha, nimetoka huko leo. Nilitafuta shina la nguzo ya zamani, nikalipata kwenye majani marefu, limeoza. Nikafyeka ili nichimbe shimo jipya. Chini ya majani kuna mawe, Shangazi, yamepangwa, ya mtoni yale ya mviringo. Urefu wake si zaidi ya mkono wangu. Sikuchimba. Nilisimamisha ubao kichwani pa mawe, ukaangalia mashariki.

Machibya alikuwa amekaa kwenye gari anavuta sigara. Alishuka, akavua kofia. Tukaondoka mpaka barabarani. Halafu, wewe unawajua wazee wa Kisukuma, akaanza mbali. Akaniuliza, "Mdogo wako wa Sumbawanga anaitwa Shija, eh?" Nikamwambia ndiyo. "Wewe ndiye unayemtangulia?" Ndiyo. Akapunguza mwendo. Kisha akasema, "Mwanangu, kwetu Shija ni mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha. Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, anayefuata Shija. Sasa nyumbani kwenu nyie, Kulwa na Doto wako wapi?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa nyumbani, kwamba ni jina la bibi. Akasema sawa. Lakini hakuniangalia.

Tangu utotoni nimesoma shule za mjini na watoto wa kila kabila, jina la Shija sikuwahi kulihoji. Sasa nimefungua sanduku la barua zako zote, thelathini na nane. Zote umeniandikia "Mwanangu." Nyingine "Baba." Hakuna hata moja, Shangazi, tangu nikiwa darasa la pili, ambayo umeniita kwa jina langu. Umeliandika kwa mtakatifu na kwenye ubao, na ubao ule si wangu.

Nimekasirika. Sitaficha. Ningeweza kupanda gari nikaja Kasansa kukutazama usoni, lakini najua utanipikia wali na kuku halafu utanionyesha ndama. Kwa karatasi huwa unasema kweli au unakaa kimya. Basi niandikie.

Nani amelala pale? Na mimi ni nani?

Padri ananipa mpaka mwisho wa Oktoba. Bernadetha amesema kama kuna jambo ni bora alijue kabla ya kanisani, na ana haki.

Mwanao, jina ujaze mwenyewe.

*

Kasansa
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Doto,

Nimeliandika. Miaka thelathini na miwili sijaliandika, na tazama, kalamu haikuvunjika.

Marahaba. Kadogo mzima na ndama wake mzima. Nimeanza na ng'ombe, sasa niende kwenye lenyewe.

Tuliondoka Bariadi tukiwa watu kumi na mmoja. Mama yako Malale alikuwa mzito, lakini ng'ombe hawangoji mimba. Tulipita Tabora, tukafika Mpanda, tukashika njia ya Karema. Tarehe tatu Julai mchana uchungu ukamshika kando ya maji yale. Mimi ndiye niliyempokea mtoto, sikuwa nimewahi. Akatoka wa kwanza, mdogo, rangi yake si nzuri, analia kama paka. Nikadhani tumemaliza. Mama yako akasema, "Skolastika, yupo mwingine." Ukatoka wewe, mnene, una hasira, ukaanza kunyonya kabla sijakufuta. Baba yako alicheka peke yake porini. Kulwa na Doto. Alitaka kuchinja.

Asubuhi yake Kulwa akaanza kubadilika. Hakunyonya, pumzi inakwenda na kurudi. Padri alitufundisha kwamba mtoto akiwa anakufa mtu yeyote anaweza kumbatiza, kinachotakiwa ni maji na yale maneno. Nikafungua kijitabu, nikatazama tarehe. Nikakimbia kuchota maji kwa kata. Nikamwambia, "Namfamo, nakubatiza." Alifungua macho kwa ubaridi wa maji. Nakuapia alinitazama. Kabla jua halijafika kichwani akawa amekwenda.

Wewe sikukubatiza. Ulikuwa mzima, ukisukuma mateke. Tulisema huyu atabatizwa vizuri Karema, kwa ngoma na nyama. Nikachukua chuma cha chapa nikaandika ubao, baba yako akapanga mawe. Tukaondoka jioni kwa sababu ya mbung'o.

Sasa nisikilize, hapa ndipo palipoharibika. Kwa ukoo wetu pacha akifa hatusemi amekufa. Hatulii. Tunasema amekwenda kuchota maji, ili aliyebaki asisikie akamfuata. Hayo nimeyakuta. Baba yako alikuwa anayaogopa kuliko simba. Wiki mbili baadaye tumerudi Mpanda tumeshindwa, tukaenda parokiani. Nilikuwa nimemwambia katekista kwamba nimembatiza mtoto njiani, akafungua kitabu akauliza jina. Nikasema Namfamo. Akauliza, yuko wapi? Sisi watatu tukatazamana. Nani aseme amekufa, na wewe uko pale mgongoni kwa mama yako, masikio wazi? Katekista akakuona, akatabasamu, akakupapasa kichwa, akaandika. Tulinyamaza. Tulimwona anaandika tukanyamaza.

Nje nilimwambia kaka yangu turudi tukarekebishe. Akasema, acha, tukirudi itabidi tutamke. Na kuanzia siku hiyo jina la Doto likakoma nyumbani, maana ukimwita mtu Doto, mtu mwingine atauliza Kulwa yuko wapi. Tulikuja huku ambako hakuna aliyetujua. Wewe ukakua na jina la mwenzako. Mama yako hakubisha mpaka alipozaa msichana. Akasema, "Mengine mmechukua, hili nachagua mimi," akamwita Shija. Bibi yako kweli aliitwa hivyo, tukajificha hapo. Lakini mimi nilijua Malale ameacha mlango wazi ili siku moja uingie.

Nilimwahidi baba yako nisiseme akiwa hai. Alipofariki nikamwahidi mama yako. Alipofariki mama yako sikuwa na wa kumwahidi tena, nikagundua ninayeogopa ni mimi mwenyewe. Ulipopokea komunio ya kwanza nilikaa benchi la nyuma nikalia, watu wakadhani ni furaha. Kipaimara hivyo hivyo. Nilikuwa namwona mtoto wangu anajengewa nyumba na mimi peke yangu najua haina msingi. Nimekuonea, mwanangu. Nimemwonea na yule, nimempa mwingine jina lake akiwa amelala hajiwezi. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi niandikie matusi, lakini uniandikie.

Kila tarehe nne Julai sishiki jembe. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Ile mistari uliyoomba nimeiandika kwenye karatasi ya peke yake, mpe padri:

"Mimi Skolastika Maduhu nilimbatiza Namfamo, mwana wa Mabula na Malale, tarehe 4 Julai 1992. Alifariki siku hiyo hiyo. Anayekuletea barua hii ni ndugu yake, naye hajabatizwa na mtu yeyote."

Kalamu haikuwa inavuja.

Shangazi yako

*

Nsemulwa
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Matusi sina. Nilikuwa nayo siku tatu hivi, nikayamaliza kwenye gari nikiwa na Machibya, akayapokea yote kwa niaba yako na kusema "eh" kila baada ya moja.

Nimempigia Shija. Akasema kazini kwake mama Msukuma akijifungua mapacha, wenzake humwita yeye aje awashike, kwa sababu ya jina. Alikuwa anadhani ni utani tu. Akalia. Nami nikalia, Bernadetha akaja akachukua simu akamalizia yeye.

Karatasi nilimpelekea padri. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kama anaweza kubaki nayo. Nikamuuliza, je, mimi ni mpagani? Akasema katika miaka yake ya upadri hajawahi kuona mpagani aliyehudhuria misa kiasi hiki. Ameandika kwa askofu na majibu yamekuja: mtu aliyepokea komunio miaka zaidi ya ishirini hana haja ya kurudi darasani. Nitabatizwa Jumamosi tarehe 16 Novemba, kimyakimya, na wiki inayofuata naoa. Matangazo yanaanza Jumapili ijayo. Kwenye kitabu cha ubatizo amechora mstari mwekundu mwembamba pembeni ya jina la Namfamo, akaandika: "Alifariki 4.7.1992." Sikujua kwamba maandishi mafupi hivi yanaweza kumpumzisha mtu namna hii. Nilimwomba aniache niyatazame kidogo.

Padri anasema jina lolote la mtakatifu nitakalo. Kwenye vyeti vya shule na kazini nitaendelea kuwa Namfamo, maana kubadili karatasi za serikali ni kazi ya miaka, na naona mwenyewe hatakasirika nikimbebea jina huku nje. Lakini mbele ya Mungu namrudishia lake. Kifungue kile kijitabu chako, kama mende wameacha kitu, uniangalizie tarehe kumi na sita Novemba. Ukiona jina ni zuri mno, tafuta la kishamba. Nyumbani nataka kuitwa Doto, na nyie wakubwa muanze, nitaitika. Bernadetha ameshaanza, ananiita hata kama hana shida.

Msimamizi wangu ni wewe. Padri nimeshamwandikisha jina lako, safari hii na sahihi itakuwepo. Naseeb anakuja Jumatatu ya tarehe kumi na moja, utakaa mbele, wewe na gauni la bluu, mpunga ukae nyuma. Amesema ataendesha polepole kama amebeba mayai. Kabla ya ubatizo nitakupeleka kijitoni, maana najua hujakanyaga pale tangu siku ile. Kama miguu itakataa nitakubeba mgongoni, zamu yangu.

Ile fomu ya ofisi nimeijaza. Jina la kijito: Namfamo. Kinakauka mwezi gani: hakikauki. Asili ya jina: niliandika "shahidi," nikafuta. Nikaandika "kibao," nikafuta. Mwisho nimeandika, "Mtoto wa Mabula na Malale, aliyelala ukingoni." Mkuu wangu ameniuliza kama hiyo ni lugha ya kitaalamu. Nikamwambia ndiyo.

Jana nilikwenda huko peke yangu na dumu la lita tano. Nilimsalimia. Sikujua mtu anamsalimiaje kaka aliyemtangulia kwa muda mfupi na hakukua, nikasema shikamoo tu. Kisha nikachota maji. Nimeyapima kwa vipimo vyetu vyote, ni safi kuliko ya bomba letu. Padri amekubali kuyabariki na kunibatizia hayo hayo.

Kwa hiyo ukifika, Shangazi, usiniombee msamaha mlangoni. Ingia, ukae, nitakuonyesha dumu. Miaka yote mlikuwa mkisema Kulwa amekwenda kuchota maji. Mlisema kweli. Amerudi nayo.

Mwanao,
Doto